Mia Tano ya Mtani

Babu yangu mzaa baba alifariki alfajiri ya Jumamosi. Kabla ya adhuhuri palikuwa na mtu kavaa koti lake.

Nilikuwa na miaka tisa. Wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya mwembe, nje ya nyumba yetu ya Pugu, wakingoja maiti ioshwe. Wanawake walijaa uani na chumbani kwa bibi. Sisi watoto tuliambiwa tunyamaze, na mtoto ukimwambia anyamaze ndipo koo linapoanza kumuwasha. Mara mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka mzee jirani yetu, Mnyamwezi, mstaafu wa reli. Mwilini ana lile koti la babu la rangi ya udongo, kichwani kofia ya kiua ya babu, mkononi tochi ya babu. Jua la saa tano, tochi inawaka. Akajikohoza mara tatu, ile ya tatu ikiwa ndefu kuliko zote, vilevile kama babu. Halafu akaanza kuhesabu kuku.

Lazima mjue kwamba babu alihesabu kuku wake kila magharibi, miaka nenda miaka rudi, na hesabu haikuwahi kutoka sawa mara mbili. Sasa yule mzee akawa anapita kati ya waombolezaji akimulika nyuso zao. "Mmoja. Wawili. Watatu. Huyu wa jirani. Lakini wa jirani akilala kwangu, wangu. Wanne." Alipomfikia imamu wetu, akammulika kutoka kilemba mpaka ndala, akasita, akarudia tena taratibu, kisha akasema, "Huyu jogoo sikumbuki kumnunua."

Kicheko cha kwanza kilitoka chumbani. Kilikuwa cha bibi. Alikuwa analia tangu alfajiri, sauti imemkauka, na sasa akawa anacheka kwa kukatakata, kicheko kinapanda, kinageuka kilio, kinarudi kicheko, mpaka shangazi akamshika mabega akidhani ameshikwa na kitu. Imamu naye alijifunika uso kwa mkono. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Jeneza lilipotolewa, mzee akalala chali katikati ya njia. Hazikwi mtu hapa, akasema. Huyu bwana ana mia tano yangu. Nyinyi Wazaramo mazoea yenu tunayajua, tuliwafikishia pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, tumefika na kiu, mkatuuzia maji! Baba akatoa sarafu ya mia mbili, ikakataliwa. Mjomba akatoa matusi, yakapokelewa kwa shukrani. Mwishowe mzee akaishika kofia kichwani mwake na kutangaza kwamba anaondoka nayo, rehani, mpaka mia tano itakapopatikana. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akawa mtu wa kwanza kutia bega chini ya jeneza. Jioni, watu wengi wakiwa wameshatawanyika, nilimwona amechuchumaa kwenye majivu anasugua masufuria.

Kuna kizazi ambacho neno watani kwake ni Simba na Yanga tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi unahusishwa na enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wanatembea miezi kadhaa kutoka bara mpaka pwani na kurudi. Watu wanaokutana njiani kila mwaka, wakihitajiana na kushukiana, wakaona afadhali watukanane kwa mpango. Mtani anaruhusiwa kusema lisilosemeka, tena siku ambayo wengine wote wamefungwa midomo. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi na kuchota maji. Hilo la pili sikulitilia maanani nikiwa na miaka tisa. Nililoliona ni kwamba mtu mmoja mwenye tochi amefanya jambo ambalo ukoo mzima, pamoja na dua zake, ulikuwa umeshindwa tangu asubuhi. Nikataka kuwa yule.

Mama hakutaka. Wakati nilipomaliza kidato cha nne alikuwa ameshanipangia uuguzi, na kila nikiigiza alikuwa anatazama dari. Lakini mama huyuhuyu ndiye aliyenilea kwa hadithi za DDC Kariakoo, enzi za vikundi vya Muungano na TOT, mtu akiingia ukumbini anapewa ngoma, sarakasi, igizo, taarab na vichekesho katikati, kwa kiingilio kimoja, mpaka usiku unakwisha. Anaweza kuniigizia mpaka leo mchekeshaji mmoja wa enzi hizo alivyokuwa akianguka kwenye kiti. Mama anavipenda vichekesho kama watu wanavyopenda harusi ya jirani: kushangilia sawa, kuchangia hapana.

Sisi tulikulia kwenye banda la video, mia kwa kichwa, tunamtazama King Majuto. Nadhani nilichojifunza kwake kabla sijajua kwamba najifunza ni kukasirika. Marehemu Amri Athumani, mtu wa Tanga, hakuwa anacheka anapochekesha. Alikuwa mzee mwenye hasira za haki kabisa, dunia imemkosea, mke hamsikilizi, na kadiri alivyozidi kuona ana haki ndivyo sisi tulivyozidi kugaragara chini. Baadaye runinga ikatuletea kina Joti na Masanja wa Ze Comedy, na shuleni kila mtu akawa msomaji wa taarifa ya habari. Mimi nilikuwa naigiza walimu. Niligundua mapema kwamba msichana anayechekesha anaitwa hana adabu, wakati mvulana akifanya hilohilo anaitwa ana kipaji. Niliendelea, nikala fimbo zangu.

Nilipata nafasi ya kozi fupi Bagamoyo, pale TaSUBa. Kilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na kikawa taasisi mwaka 2007. Nilikwenda nikitarajia kufundishwa vichekesho. Nikafundishwa kupumua. Asubuhi tunapaza sauti kuelekea baharini, mchana ngoma mpaka magoti yanawaka, alasiri zoezi la kukaa na mwenzako mnatazamana, yeye asogeze mkono, wewe ufuate. Wiki nzima mkono. Mwalimu alikuwa anasema mwigizaji mbaya anangoja zamu yake ya kusema, mzuri anasikiliza. Nikaandika kwenye daftari kama ninavyoandika kila kitu, nikafunga daftari.

Halafu nikapanda jukwaani Sinza.

Ulikuwa usiku wa vichekesho katika ukumbi wenye viti vya plastiki na taa mbili za rangi. Mchekeshaji mchanga anapewa dakika tano. Nilikuwa nimeandika dakika zangu kwa mwezi mzima, nikizikopa humu na humu kwenye klipu za wengine: Mchaga na pesa, Mhaya na majivuno, Mpare anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya mbuzi. Mambo yaliyochekesha watu kabla sijazaliwa, nikaona yatachekesha na sasa.

Kuna kimya cha watu wanaosikiliza, na kuna kimya cha watu waliokumbuka kwamba simu zao zimebaki na asilimia kumi. Mimi nilipewa cha pili. Nikaongeza kasi. Mchekeshaji anayezama huwa anakimbia, hampi mtu nafasi ya kucheka maana anaogopa nafasi hiyo itabaki tupu. Meza ya nyuma ikapasuka kicheko, moyo ukanirudi, nikageuka kwao kwa tabasamu. Kumbe mhudumu alikuwa amemwaga sahani ya chipsi kuku. Dakika tano zangu nilizimaliza kwa tatu na nusu. Mshereheshaji alipochukua kipaza sauti alisema tu, "Jamani, tumwombee," na hicho ndicho kichekesho pekee kilichofanikiwa kutokana na mimi usiku ule.

Nimechemsha. Nilikaa kwenye daladala la mwisho la Mbagala, dirishani, nikijifanya naangalia nje.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Pugu kumwona bibi. Njiani nikampita yule mzee, amekaa barazani kwake na redio yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mdaiwa wangu. Mia tano imeshaiva?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kunisalimia vinginevyo. Nikakaa. Nikamweleza ya Sinza, nikitarajia pole. Akasema nimfanyie zote, kama nilivyozifanya kule. Nikafanya, barazani, mchana, mbuzi wawili wakitazama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukunja wala kukunjua uso.

"Huyo Mchaga wako," akasema, "anaitwa nani?"

"Hana jina, babu. Mchaga tu."

"Amewahi kukukopesha? Umewahi kumsaidia kushusha hata kreti moja?"

Nikanyamaza.

"Mimi, marehemu babu yako nimekaa naye miaka thelathini. Vile vichekesho alivitengeneza yeye mwenyewe, kila magharibi, pale kwenye banda la kuku. Mimi nilimtunzia tu."

Akaongeza sauti ya redio; mpira ulikuwa umeanza.

Nililibeba hilo neno kwa muda bila kujua nilifanyie nini. Wakati huo nilikuwa nimejiunga na kikundi cha sanaa Mbagala, watu saba, tunaitwa na miradi kuigiza sokoni na mashuleni. Kazi hizi wenzetu wa majukwaa makubwa wanazidharau. Unapewa ujumbe, unaufunga kwenye igizo la dakika ishirini, unapiga ngoma watu wajae, unamaliza na maswali, unasaini posho. Ubaya ni kwamba ujumbe mara nyingi unaandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa sokoni saa nane mchana.

Siku hiyo tuko soko la Rangi Tatu na igizo la malaria. Mume anachukua chandarua cha ndani akazungushie bustani ya mchicha ili kuku wasiingie. Jambo la kweli kabisa, kila mtu pale amewahi kuliona au kulifanya. Mimi ni mke. Nilikuwa na mistari minane ya kumweleza mume madhara ya mbu. Nikafika wa tatu, sauti ikatoka kwenye meza za nyanya:

"Weee! Mke gani anaongea na mume hivyo? Unamsomea risala?"

Soko likacheka. Kicheko changu hicho, lakini cha kunielekea. Mwili wangu ulitaka kukimbia kama Sinza, niimalize mistari niondoke. Sijui ni ule mkono wa Bagamoyo au nini, nikajikuta nimemgeukia.

"Sasa mama, wewe ungemwambia nini?"

"Mie? Simwambii neno. Namwachia mbu."

"Halafu?"

"Halafu njoo nikuonyeshe."

Akaja. Mama mnene, kibwebwe kiunoni, chenji zinalia kwenye aproni. Akamwondoa mwigizaji wetu wa mume kwa mkono mmoja, akalala kwenye mkeka wetu, akawa mume. Mbu wa kwanza alimpiga kwa heshima, kama mtu mwenye cheo. Wa pili alimfukuza kwa kiganja. Wa tatu aliingia sikioni. Pale mama akakaa, akalala, akajifunika, akajifunua, akajipiga kofi lililosikika mpaka kwenye daladala. Mimi nimejiviringisha kanga gubigubi pembeni, nimelala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi. Sikuwa na mstari hata mmoja. Nikangoja. Nikangoja zaidi ya ninavyoweza kuvumilia. Mama akajipiga kofi jingine, akashusha pumzi, na ndani ya kanga nikauliza kwa sauti ya usingizi:

"Mume wangu, mchicha umelala salama?"

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Watu walishikana. Mchukuzi mmoja aliweka chini gunia la viazi ili acheke vizuri. Na mimi chini ya kanga, giza, jasho, nikajua kwamba kile kicheko hakikuwa changu. Nyumba zao ndizo zilizokuwa pale mkekani. Mama wa nyanya alizifungua mlango, mimi nilisema sentensi moja kwa wakati wake.

Msimamizi wa mradi alilalamika kwamba mistari mitano haikusemwa. Mama wa nyanya yeye aliuliza, "Mnakuja lini tena? Nijue, maana leo sijauza hata fungu moja." Tukanunua mafungu manne kwa posho yetu.

Posho yenyewe nisiizungumzie sana. Elfu kumi, toa nauli, toa maji. Watu wananiambia rekodi klipu, weka mtandaoni. Narekodi, na mwezi mwingine bando linakula zaidi ya klipu inavyoleta. Mwaka 2018, King Majuto alipokuwa mgonjwa, habari za mikataba ya wasanii zilifika mpaka wizarani, nasi tukaona kumbe hata aliyewachekesha Watanzania wote anaweza kufika kitandani hana uhakika wa matibabu. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka ule, akazikwa Tanga. Mama alilia siku hiyo. Halafu akanikumbusha kwamba fomu za uuguzi zipo. Sasa hivi nauza vitenge asubuhi na kuchekesha jioni, na tumekubaliana na mama kwamba tutajadiliana tena mwakani. Tunakubaliana hivyo kila mwaka.

Masika iliyopita shangazi akanipigia simu. "Mtani wako ameondoka. Njoo Pugu. Na usije na mikono tu, njoo na mdomo."

Sikuelewa mpaka nilipofika. Wazee wetu wa Kizaramo, wale waliojua kazi ya utani, wengi wao wameshatangulia. Vijana waliobaki walikuwa wamesimama pembeni na simu zao, wana aibu. Msiba wa Mnyamwezi, mtu aliyelala chali mbele ya majeneza yetu miaka yote, na hakuna Mzaramo hata mmoja wa kumlipa. Mashangazi wakanigeukia wote pamoja. Si wewe ndiye mchekeshaji?

Nimesimama majukwaa kadhaa sasa. Hakuna lililonitetemesha magoti kama ule uwanja mdogo wenye matope. Mjane wake alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, anatazama ukuta. Binti yake alikuwa amewasili asubuhi ileile kwa treni kutoka Tabora, imechelewa. Nilikwenda kwanza jikoni, nikachota maji ndoo sita, nikamenya viazi. Nilihitaji muda, lakini pia nilitaka niwe nimebeba kitu kabla ya kufungua mdomo. Kisha nikamwomba kijana wake kofia ya kazi ya baba yake na kile kidude cha kutobolea tiketi, ambacho mzee alikitunza tangu alipostaafu na kukichezea akisikiliza mpira.

Watu walikuwa Wakristo, kwa hiyo lilikuwa sanduku, limetoka mlangoni mabegani mwa vijana sita. Nikasimama katikati ya njia.

"Tiketi!"

Vijana wakasimama. Kimya. Kile cha kwanza, cha watu wanaosikiliza. Nikakiacha kikae. Nikalizunguka sanduku polepole, nikikibonyeza kile kidude, ta, ta, ta, kama alivyokuwa akifanya.

"Huyu anasafiri daraja gani? La kwanza?" Nikainama nikachungulia. "Mnyamwezi?" Nikasubiri. "Tangu lini Mnyamwezi akalala, wenzake wakambeba?"

Kwanza alicheka mzee mmoja nyuma, kikohozi cha kicheko, kisha wabebaji wenyewe, sanduku likayumba, watu wakapiga kelele mshikeni, na kelele zenyewe zikawa kicheko. Binti yake alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nikatangaza kwamba treni haiondoki. Imechelewa, kama kawaida. Na haitaondoka kwa sababu abiria huyu alikuja kwetu miaka ile akachukua kofia ya babu yangu kwa deni ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na leo nataka haki yetu.

Sikumtazama mjane wakati nasema hayo. Niliogopa. Nilisikia tu watu wakinyamaza upande wa mkekani, nikageuka, nikamwona ameshanyanyuka. Alipita mbele yangu bila neno, akaingia ndani. Nikadhani nimekosea. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, na nusu ya uwanja nayo ilikuwa inanitafutia.

Akatoka na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Akakifungua mbele ya watu wote. Kofia ya kiua, imegeuka manjano pembeni, imepigwa pasi.

"Rehani yenu hii hapa," akasema. "Sasa leteni mia tano."

Uwanja ulivunjika. Mashangazi zangu walikaa chini kwenye matope. Mimi nikapapasa mifuko, na Mungu shahidi sikuwa na hata shilingi, mkoba niliuacha jikoni. Nilikuwa nimesimama pale bila mstari, bila pesa, mama wa watu amenyoosha mkono, machozi yanamtiririka na anacheka, ananingoja.

Nikaivaa kofia. Ilinibana. Nikajikohoza mara tatu, ile ya tatu nikairefusha, nikatazama chini nikatafute kuku wa kuhesabu. Hapakuwa na hata mmoja. Wote walikuwa kwenye masufuria.